Kilomita za Dada

Baba alifariki usiku wa Alhamisi, saa tano kamili, Agosti 2015, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, jeneza lilitoka. Ilipotimu saa nane mchana tulikuwa tumekwisha kumfukia, tunarudi kwa miguu, udongo ungali kwenye kucha. Kwetu maiti hacheleweshwi. Hata akifa sultani, akishaoshwa na kukafiniwa, kinachosubiriwa ni swala tu.

Dada yangu, mtoto wake wa kwanza, alikuwa Seattle, pwani ya magharibi ya Marekani, alikokwenda mwaka 2013 kusomea uuguzi. Aliingia Tanga Jumapili usiku. Khitma ilikuwa imekwisha, watu wamekula wametawanyika, na kaburi lilikuwa limekwisha kukauka juu.

Jioni ile kabla hajafika, nikiwa uani napanga masufuria ya kukodi ili yarudishwe, nilisikia sauti kutoka kwenye jamvi la wanawake. Alikuwa mama mmoja wa mtaani, jirani wa siku nyingi, mtu aliyetusaidia mengi wakati wa ugonjwa wa Baba. Alisema, “Ndege siku hizi zipo. Mtu akitaka kumuwahi mzazi wake, humuwahi.” Hakuna aliyemjibu. Mama alikuwa hapo hapo, kajifunika kanga, na alisikia kila neno.

Siku ya nne aliniita chumbani. Alikuwa ameanza eda, amevaa nyeupe, amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha. Nikamwamkia. Hakuzunguka.

“Baba,” aliniambia, maana tangu mdogo ndivyo anavyoniita, “huko anakoishi dada yako na hapa petu, ni mbali kiasi gani? Niambie kwa hesabu. Usinipoze.”

Nilimwambia nitamletea jibu. Nilidhani ni kazi ya dakika tano.

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Hesabu hiyo niliifanya shuleni, na niliifanya vizuri. Kila aliyepita kidato cha tatu Tanzania anaikumbuka mada ya dunia kama tufe: latitudo na longitudo, maili za baharini, meli iliyoondoka bandari hii kwenda bandari ile, tafuta umbali. Sisi tuliisoma mwaka 1996, mwaka ambao babu yangu alikwenda Hija. Mwalimu wetu wa hesabu alijua kwamba babu yuko njiani, na asubuhi moja aliacha mfano wa kitabuni akaandika ubaoni viwanja viwili vya ndege: Dar es Salaam, nyuzi 6 na dakika 53 kusini, nyuzi 39 na dakika 12 mashariki, Jeddah, nyuzi 21 na dakika 41 kaskazini, nyuzi 39 na dakika 9 mashariki.

“Tazameni longitudo,” alisema. Zilipishana dakika tatu tu. Dar es Salaam na Jeddah ziko juu ya mstari mmoja, unaotoka kusini kwenda kaskazini kama kamba ya kuanikia nguo. Basi kazi ikawa nyepesi. Moja iko kusini ya ikweta, nyingine kaskazini, jumlisha: nyuzi 28 na dakika 34. Uzi mmoja una dakika 60, na kila dakika ya mzingo wa dunia ni maili moja ya baharini. Tukapata maili 1,714. Maili ya baharini ni kilomita 1.852, hivyo babu alikuwa anarushwa kilomita 3,174.

Mwalimu aliongeza jambo ambalo halikuwa kwenye mtaala. Alisema hiyo ndiyo sababu misikiti ya Tanga inatazama kaskazini. Tanga iko kwenye longitudo ya nyuzi 39 na dakika chache, Makka inakaribia nyuzi 40. Ukisimama kwenye kibla cha Tanga umesimama karibu sawasawa juu ya mstari ule ule wa ubaoni. Nilirudi nyumbani nikamweleza Baba, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe hesabu yenu ina faida.” Kwa Baba, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Aina ya pili ya swali tuliyofundishwa ni ya miji miwili yenye latitudo moja. Hapo unazidisha na kosini ya latitudo, kwa sababu miduara ya latitudo inazidi kuwa midogo kadiri unavyoelekea ncha ya dunia. Aina hizo mbili ndizo zinazokuja kwenye mtihani. Miji ya longitudo moja, miji ya latitudo moja, basi. Hakuna aliyetuuliza: na miji miwili isiyolingana kwa lolote je? Na ukweli ni kwamba karibu safari zote za dunia ni za namna hiyo. Tuliondoka shule na ufunguo wa milango miwili, nyumba nzima imefungwa.

Kwa hiyo Agosti 2015 nilisimama mbele ya ramani ya dunia iliyokuwa ukutani katika ofisi niliyofanyia kazi, kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini Tanga, nikiwa na rula mkononi. Nilipachika ncha ya rula Dar es Salaam, ilikotua ndege yake, nikailaza mpaka Seattle. Mstari ulikata Kongo, ukapita Afrika Magharibi, ukavuka Atlantiki, ukaingia Marekani kutokea mashariki na kuivuka nzima mpaka upande wa pili. Nikapima sentimita, nikazidisha kwa kipimo kilichochapwa chini ya ramani. Zaidi ya kilomita 19,000.

Niliiandika namba ile kwenye karatasi. Ilipaswa kunishtua pale pale. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 na kidogo, kwa hiyo sehemu mbili za dunia haziwezi kuachana zaidi ya kilomita 20,000 na kidogo; ukivuka hapo umeanza kurudi kwa upande wa pili. Jibu langu lilikuwa linasema Seattle iko karibu chini ya nyayo zetu kabisa, na haiko huko. Lakini nilikuwa nina msiba, na namba kubwa ilinifaa. Nilitaka iwe mbali. Nilitaka umbali umtetee dada yangu.

Kilichonizuia kuipeleka kwa Mama ni jambo moja dogo. Dada alikuwa ameniambia, alipofika tu Seattle, kwamba msikitini kwao wanaelekea kaskazini, na kuinama mashariki kidogo tu. “Huku tunaswali kaskazini kama Tanga,” alisema kwa simu, na alifurahi, kama mtu aliyekuta kipande cha nyumbani. Wakati ule sikulifikiria. Sasa, mbele ya ramani, lilinikera. Kwenye ramani ile Makka iko mashariki ya Seattle, tena chini, kusini. Mtu wa Seattle anayetazama kaskazini anatazama barafu. Ama msikiti ule ulikosea kibla, ama ramani yangu ilikuwa na kasoro.

Jioni nilikwenda kwa nahodha mmoja mstaafu, mzee wa mtaa wa pili, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye meli za mizigo kabla ya macho kumchosha. Macho yalimtosha kushona kofia, na ndivyo alivyokuwa akipitisha jioni zake barazani: kofia ya vito mapajani, sindano, bunda la uzi mweupe. Nikamwamkia, akaniombea Baba dua, nikakaa. Nikamweleza rula, ramani, zile kilomita 19,000, na kibla cha Seattle.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwanangu, ramani ile ni ya kuongozea chombo. Si ya kupimia dunia.”

Akanieleza ambacho kila nahodha anakijua na mimi, niliyekulia bandarini, sikuwahi kukiuliza. Ramani ile aliichora Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Ukichora juu yake mstari ulionyooka, unapata uelekeo mmoja wa dira ambao unaweza kuushika safari nzima bila kugeuza usukani. Hiyo ni neema kubwa kwa mtu wa baharini. Lakini ili ramani iweze kufanya hivyo, inalazimika kuitanua dunia kadiri unavyoacha ikweta, na inaitanua bila huruma. Ndiyo maana Greenland inaonekana kuikaribia Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara kumi na nne hivi.

Aliinuka akaingia ndani, akatoka na chungwa. Lilikuwa chungwa la Muheza, la ganda la kijani, lile ambalo mgeni huliacha sokoni akidhani halijaiva. Alichukua njiti mbili za meno. Moja akaichomeka chini kidogo ya kiuno cha chungwa: “Dar es Salaam.” Nyingine akaizungusha upande wa pili kabisa, juu zaidi kuelekea kikonyo: “Seattle yako.” Maji ya chungwa yakatoka kidogo kwenye tundu. Akakata uzi wa kofia kama shubiri mbili, akafunga ncha moja kwenye njiti ya kwanza, akaupitisha kiunoni, kama rula yangu ilivyopita, mpaka njiti ya pili. Akaweka kucha pale uzi ulipofika.

“Sasa vuta.”

Nilivuta. Uzi haukukaa kiunoni. Uliteleza wenyewe juu ya ganda, ukapanda, ukapanda, mpaka ukapita karibu na kikonyo, na hapo ukakaza. Ncha iliyobaki mkononi mwangu ilikuwa imerefuka kwa upana wa kidole. Hakuna aliyeusukuma. Uzi ukikazwa unatafuta njia fupi, na njia fupi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Seattle haielekei magharibi. Inaelekea kaskazini.

Watu wa hesabu huiita njia hiyo duara kuu: duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia yenyewe. Ikweta ni duara kuu. Mistari ya longitudo yote ni nusu za duara kuu, ndiyo maana hesabu ya Dar es Salaam na Jeddah ilikuwa nyepesi. Kibla nacho ni duara kuu, na wanazuoni walilijua hilo kitambo. Abu Rayhan al-Biruni, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, alihesabu kibla cha mji wa Ghazna kwa kutumia umbali kati ya miji na pembe za tufe, karibu miaka elfu moja kabla ya sisi kukaa barazani na chungwa letu. Msikiti wa Seattle haukukosea. Nikazungusha chungwa nikaona: kutoka njiti ya Seattle, Makka iko upande ule ule wa kikonyo.

Kiswahili chetu kinakiita kipimo cha pembe uzi. Nyuzi tisini, nyuzi mia na themanini. Nimeyatamka maneno hayo tangu darasa la tano, na jioni ile ndipo nilipouona huo uzi wenyewe.

Nahodha alinipa na fomula. Aliiandika nyuma ya kalenda ya zamani kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika chombo kikiyumba. Ni mstari mmoja. Chukua sini ya latitudo ya kwanza, zidisha na sini ya latitudo ya pili. Weka pembeni. Chukua kosini ya latitudo ya kwanza, zidisha na kosini ya latitudo ya pili, zidisha tena na kosini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha hayo mawili. Ulichopata ni kosini ya pembe iliyopo kati ya miji yako, kwenye kitovu cha dunia. Itafute pembe, igeuze iwe dakika, umepata maili za baharini. Angalizo ni moja: latitudo ya kusini inabeba alama ya kutoa, na longitudo za magharibi na mashariki zinajumlishwa, kwa kuwa ziko pande mbili za Greenwich.

Usiku ule nilikaa mezani na kitabu changu cha majedwali ya shule, ambacho Baba alikihifadhi kwenye kabati la vyombo kwa karibu miaka ishirini bila kuniambia. Dar es Salaam: latitudo nyuzi 6.88 kusini, longitudo 39.20 mashariki. Seattle: latitudo 47.45 kaskazini, longitudo 122.31 magharibi. Tofauti ya longitudo, nyuzi 161.51.

Sini kwa sini: 0.1198 mara 0.7367, sawa na 0.0883, na kwa kuwa Dar es Salaam iko kusini, inakuwa kutoa 0.0883. Kosini kwa kosini: 0.9928 mara 0.6762, nikapata 0.6713. Kosini ya nyuzi 161.51 ni kutoa 0.9484. Nikazidisha: kutoa 0.6367. Jumla ya yote, kutoa 0.7250. Kwenye majedwali, hiyo ni pembe ya nyuzi 136 na dakika 28. Kwa dakika tupu, 8,188. Maili za baharini 8,188. Kilomita 15,164.

Rula ilikuwa imenidanganya kwa kilomita elfu nne.

Nilichora na njia yenyewe, safari hii kwenye tufe dogo la mtoto wa jirani. Ukiondoka Dar es Salaam kwa duara kuu kwenda Seattle unavuka ikweta jirani na Mlima Kenya, unapita kando ya Khartoum, unaingia jangwa la magharibi ya Misri, unavuka Mediterania, Ugiriki, Prague, bahari iliyo kati ya Norway na Iceland, barafu ya Greenland, kisha unateremka kaskazini ya Kanada. Hakuna hata tone la Kongo. Hakuna New York wala Chicago.

Hapo likaja swali la Dubai. Dada alikuwa amepitia Dubai, kwenda na kurudi. Wapo waliomshangaa hata siku anaondoka: anakwenda Marekani, mbona anaelekea Uarabuni? Na kwenye msiba niliwasikia wawili wakisema kwamba kama angepita njia fupi angefika. Nikaifanyia hesabu na hiyo. Dar es Salaam hadi Dubai, kilomita 3,975. Dubai hadi Seattle, kilomita 11,920, na duara kuu la safari hiyo linapita karibu mno na Ncha ya Kaskazini, kilomita 165 hivi kutoka nchani. Jumla 15,895. Kuzungukia Dubai kunaongeza kilomita 730 tu, kama kwenda Dar es Salaam kwa basi kutoka Tanga na kurudi. Nikajaribu Amsterdam, nikidhani hapo ndipo penye unafuu. Kilomita 7,340 na 7,835 hivi, ukiacha vituo vya kati. Inazidi njia iliyonyooka kwa kilomita kumi na kitu. Kumi na kitu, katika elfu kumi na tano! Nilirudia hesabu mara tatu kabla ya kuamini. Juu ya tufe, mji unaweza kuwa pembeni ya njia yako kwa mamia ya kilomita na kuupitia kusikugharimu chochote cha maana.

Ndege inayokwenda moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Seattle haipo. Safari ndefu kuliko zote za abiria zisizosimama ni ya Singapore na New York, kilomita 15,300 na ushei, na inaendeshwa kwa ndege zilizoandaliwa maalumu. Umbali wa dada yangu unaikaribia hiyo.

Ni haki kusema pia kwamba namba ya fomula si neno la mwisho. Dunia si tufe kamili: kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378, hadi ncha ni 6,357. Imebonyea kidogo juu na chini. Kwa hiyo zile kilomita 3,174 za babu, ukizipima kwa umbo halisi la dunia, zinapungua kwa kumi na tano hivi. Na ndege yenyewe haifuati uzi. Inakwepa upepo wa mbele, inatafuta wa nyuma, inazunguka dhoruba, na inazunguka nchi. Mwaka 2022, anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya, safari ya Helsinki na Tokyo iliyokuwa ya saa tisa na nusu hivi ikawa ya kama saa kumi na tatu. Miji haikusogea. Njia ndiyo iliyofungwa. Kwa hiyo mtu akikuuliza umbali, mwulize kwanza anataka upi: wa uzi uliokazwa, wa ndege ilivyoruka, au wa abiria, pamoja na viti vya kungojea na basi la usiku. Mama alitaka wa uzi. Alitaka kujua, hata kama kila kitu kingekwenda sawa, ingewezekana?

Nilimpelekea asubuhi. Nilikaa mkekani, nikaiweka karatasi mbele yake, lakini sikuanza na sini wala kosini. Nilianza na chungwa. Nilichomeka njiti, nikampa uzi, nikamwambia avute. Mama amesuka mikeka maisha yake yote. Vidole vyake vilijua uzi utafanya nini kabla ya macho yake kujua. “Unakwenda juu,” alisema. Nikamwambia, “Ndiyo, Mama. Kilomita 15,160.”

Namba ile haikumwambia kitu. Sikumlaumu, nani anaiona elfu kumi na tano? Nikaigeuza. Kutoka Tanga mpaka Dar es Salaam tunahesabu kilomita 350 hivi. Basi ni kama kwenda Dar mara arobaini na tatu, bila kurudi. Hapo akatikisa kichwa. Kisha nikaigeuza iwe saa, na saa ndizo alizokuwa akizingoja.

Ndege kubwa inakata kilomita 900 kwa saa, ikiwa hewani na mambo yameinyookea. Gawanya 15,160 kwa 900. Ni saa kumi na sita na dakika hamsini. Baba alikata roho saa tano usiku. Kule Seattle ilikuwa saa saba mchana, Alhamisi hiyo hiyo, Dada yuko wodini na glavu mikononi. Tulizika saa nane mchana. Tangu roho kutoka mpaka udongo kuingia ni saa kumi na tano.

“Mama, kama dada angekuwa amekaa tayari ndani ya ndege, mkanda umefungwa, rubani anamngoja Baba avute pumzi ya mwisho ndipo aondoke, na kama ndege hiyo isingesimama popote, wala kukutana na upepo, Baba angezikwa dada angali angani. Amebakiwa na karibu saa mbili. Na bado angetua Dar es Salaam, si Tanga.”

Mama hakusema kitu kwa muda mrefu. Alikuwa anauzungusha uzi kwenye kidole. Kisha akaniuliza, “Umehakikisha?” Nikamwambia nimerudia mara tatu. Akasema, “Basi mtoto wangu hana kosa.” Akaikunja karatasi mara nne, akaitia chini ya msahafu wake.

Yule mama wa mtaani alikuja siku mbili baadaye kumjulia hali, kama alivyofanya kila mara, na chungu cha uji mkononi. Mama alimkaribisha, akanywa uji wake mpaka akamaliza, kisha akatoa ile karatasi. Hakumkaripia. Alimwambia, “Soma hapo, shoga yangu. Saa kumi na saba kwa ndege isiyokuwapo. Sisi tulizika kwa saa kumi na tano.” Jirani alisoma, akasoma tena. Kisha akainuka akaenda jikoni alikokuwa Dada, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, “Mwanangu, nisamehe. Sikujua kama ni huko.” Dada alilia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu afike.

Nimelifikiri sana neno lile, sikujua kama ni huko. Yule mama hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na ramani mbaya. Kwake Marekani ilikuwa ni mahali ambapo watu hupanda ndege na kufika, kama Dar es Salaam, ila kwa nauli kubwa zaidi. Katika mitaa yetu ya pwani kuna nyumba chache sana zisizo na mtu Muscat, Dubai, London, Toronto au Minneapolis, na wote hao wanahukumiwa kila kunapokuwa na msiba, arusi au ugonjwa, na watu ambao hawajaambiwa ni mbali kiasi gani. Na upande wa pili uko hivyo hivyo: wapo walio huko wanaojihukumu wenyewe. Dada aliniambia kwamba tangu apande ndege Seattle alikuwa anahesabu dakika alizozipoteza: kukabidhi zamu, kutafuta tiketi, kwenda kuchukua pasi ya kusafiria nyumbani. Alitaka kujua ni dakika ipi iliyomkosesha baba yake. Nilimwonyesha karatasi. Hakukuwa na dakika hiyo.

Walimu wa hesabu wa kidato cha tatu, ombi langu ni kwenu. Mada ya dunia kama tufe bado mnaifundisha, na maswali ya mtihani bado ni yale mawili, longitudo moja na latitudo moja. Mkishayamaliza, wapeni wanafunzi kipindi kimoja zaidi. Nendeni na chungwa, njiti mbili na uzi, waacheni wavute wenyewe. Halafu waandikieni ubaoni ule mstari mmoja wa sini na kosini, na kila mmoja achague mji aliko ndugu yake. Asiye na ndugu mbali apewe Dar es Salaam na Seattle. Akipata nyuzi 136 na dakika 28, amepatia.